Ziwa Tanganyika limefunguliwa, samaki wako wapi? Majirani walifunga kweli?

#1 Mwana wa Kibirizi (18 Agosti 2024)

Wakuu, salaam.

Tangu 15 Mei tumekaa nchi kavu. Miezi mitatu kamili. Tuliambiwa nchi zote nne zinafunga kwa pamoja, sisi, Burundi, Kongo na Zambia, ili samaki wazaliane. Tukatii. Nina kipe kimoja, chombo cha kuvulia dagaa kwa taa, na mabaharia sita. Katika hiyo miezi mitatu nimeuza betri mbili za taa, mke kaingia vikoba viwili kwa mpigo, baharia wangu mmoja kaenda kuchoma tofali Kasulu na mpaka leo simu yake haipatikani.

Alhamisi tarehe 15 ziwa likafunguliwa. Tukaingia kama watu wanaokwenda harusini. Tumewasha taa usiku kucha, asubuhi tumerudi na beseni tatu. Tatu! Kabla ya kufungwa, usiku ambao tulikuwa tunauita mbaya ulikuwa wa beseni kumi. Hata mafuta ya injini hayakurudi.

Sasa naomba mnisaidie. Hao samaki walizaliana au walihama? Nyumbani kwangu ni kilimani, na usiku wa Juni na Julai nilikuwa naziona taa huko mbali ziwani. Nani alikuwa anavua wakati mimi nauza betri?

#2 Dagaa Mkavu

Nimekaa siti ya mbele. Wenye ziwa lao waje.

#3 Baharia Mstaafu

Mleta uzi, pole, ila unamlaumu jirani kabla hujatazama juu. Tarehe 15 mwezi ulikuwa umeshakua. Mwezi mpevu ni kesho tarehe 19. Usiku ule ulipobeba taa zako, mbalamwezi ilizama karibu saa kumi za usiku, kwa hiyo giza la maana lilikuwa la masaa mawili tu kabla hakujapambazuka. Dagaa wanaifuata taa kukiwa na giza. Ziwa lote likiwa jeupe wanatawanyika, hawana sababu ya kuja kwako.

Sisi zamani siku kama hizi tulikuwa tunashona nyavu. Hakuna aliyeingia. Aliyepanga tarehe ya kufungua alitazama kalenda ya ukutani, hakutazama mwezi.

#4 Mwana wa Kibirizi

Baharia Mstaafu, hilo la mwezi nalijua, sikuzaliwa jana. Lakini mtu amekaa njaa siku tisini na mbili utamwambia asubiri kumi nyingine? Na hata siku za mwezi huwa napata tano, sita. Tatu sijawahi.

#5 Mtoto wa Ikola

Huku kwetu Katavi habari ni tofauti. Migebuka imetoka, tena minene. Dagaa ndio bado. Ila huku wengi wetu tunatumia makila, zile nyavu za kutega, na ndoano, mwezi hautusumbui kama nyinyi wa taa. Usiseme ziwa halina samaki, sema Kibirizi haina.

#6 Mzalendo Halisi

Tatizo ni Wakongo, tuache kuzunguka. Wana zaidi ya nusu ya ziwa na hawana sheria yoyote. Sisi tunafunga, wao wanavuna. Tufungue tu kila mtu ale urefu wa kamba yake.

#7 Mpima Maji

Mzalendo, punguza kidogo. Kongo haina zaidi ya nusu. Mgawanyo unaotajwa siku zote ni Kongo asilimia 45, Tanzania 41, Burundi 8, Zambia 6. Maana yake sisi na Kongo tuna asilimia 86 kati yetu. Tukikorofishana sisi wawili hakuna ufungaji, hata Burundi na Zambia wafunge mpaka kanisa.

Na sheria ipo. Mkataba wa kusimamia ziwa hili kwa pamoja ulisainiwa Dar es Salaam tarehe 12 Juni 2003 na nchi zote nne. Ndio uliozaa Mamlaka ya Ziwa Tanganyika iliyoko Bujumbura. Huko ndiko mambo ya kufunga kwa pamoja yanakojadiliwa. Ila Mamlaka haina boti ya doria wala askari. Inakutanisha wakubwa, wanakubaliana, halafu kila nchi inarudi kutekeleza kwa mafuta yake na sheria zake. Kama nchi moja haina mafuta ya boti mwezi huo, basi.

#8 Dagaa Mkavu

"wafunge mpaka kanisa" 😂😂 nakazia.

#9 Nyota ya Kalemie

Bandugu ba Kigoma, jambo. Mimi niko Kalemie. Musiseme hatukufunga. Ilitangazwa, watu wakatoa mitumbwi kwenye maji, hata soko ya samaki ikakauka, tukakula mihogo na mafuta ya mawese. Lakini upande wetu ni murefu, kutoka Uvira mpaka Moba, na barabara ya kufuata ziwa yote haiko. Kuna fasi hakuna hata mutu moja wa serikali wa kuangalia. Pale usiku mutu anaingia. Sikatai.

Lakini na nyinyi museme ukweli. Mwezi wa saba kuna boti zilikuja huku kwetu kununua samaki ile ya kujificha. Hazikutoka Zambia. Tunazijua rangi zake.

#10 Mtoto wa Ikola

Hapo sasa 😂 Mzalendo Halisi yuko wapi?

#11 Mzalendo Halisi

Nipo. Mnunuzi na mvuvi ni watu wawili tofauti.

#12 Mpima Maji

Si tofauti hata kidogo. Mvuvi wa wizi anaingia majini kwa sababu kuna mtu ufukweni anamsubiri na pesa. Wakati ziwa limefungwa dagaa waliendelea kuuzwa huku mjini na kila mtu aliapa kwamba ni wa akiba ya zamani. Akiba ya zamani inakuwa bado ina unyevu?

Kwa heshima, mleta uzi: upana wa ziwa kwa wastani ni kilomita 50. Taa ulizoziona toka kilimani si rahisi ziwe za ufuko wa Kongo, yaelekea zilikuwa ndani ya ziwa, na ndani ya ziwa upande wako ni maji ya Tanzania.

#13 Mwana wa Kibirizi

Kwa hiyo unataka kusema waliokuwa wanavua ni majirani zangu wa hapahapa?

#14 Mpima Maji

Sijasema. Nimesema kilomita 50.

#15 Mtu wa Rumonge

Nasoma kimya tangu asubuhi, niseme kidogo. Mimi ni Mrundi, nimesomea Kigoma. Kwetu sehemu ya ziwa ni ndogo, asilimia 8 kama alivyosema Mpima Maji, lakini watu ni wengi sana kando yake. Babu yangu alifanya kazi kwenye vyombo vya Wagiriki. Walianza miaka ya 1950, nyavu kubwa za kuzungusha, meli yenye injini na mitumbwi ya taa inaifuata nyuma. Walivua ndagala, yaani dagaa, na mukeke, hao mnaowaita migebuka, mpaka upande wa kaskazini ukawa hauwalipi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 uvuvi ule mkubwa kwetu ulikufa. Baadhi yao walikuwa wameshahamishia vyombo vyao kusini, Zambia. Na huko nako hadithi ikawa ileile.

Nawaambia haya kwa sababu kila nchi inaamini samaki wake waliliwa na jirani. Kwetu wazee wanasema waliliwa na Wagiriki. Mkiuliza Mpulungu, huko Zambia, watawaambia waliletewa balaa kutoka Burundi.

#16 Omena wa Mbita

Hamjambo huko. Mimi ni Mkenya, Ziwa Victoria, nimeingia kwa uzi huu kwa sababu kitu mnachopitia tumekipitia sisi miaka mingi. Kenya tunafunga omena, hao mnaowaita dagaa wa Mwanza, Aprili mpaka Julai. Miezi minne. Shida ni kwamba Kenya tuko na asilimia 6 tu ya lile ziwa. Tanzania wako na karibu nusu, Uganda wanachukua iliyobaki. Sasa sisi tunafunga kachumba ketu kadogo na omena haina pasipoti. Inatoka hapa inaenda kuvuliwa kule, halafu inarudi kwetu kwa gunia, imekaushwa, tunainunua.

Tena tuseme ukweli, hata hiyo kufunga wengi hawafungi. Mimi mwenyewe nikiwa kijana nimetoka usiku wa Mei mara kadhaa. Ukipatikana unatoa kitu kidogo.

Ndio maana nyinyi mkifunga nchi nne siku moja, mimi naona mmetushinda mbali. Msiharibu.

#17 Msomaji Mpya

Lakini Ziwa Victoria si lina shirika lake? LVFO? Nasikia siku hizi linasimamia maziwa yote pamoja na Tanganyika. Kwa nini tuwe na mamlaka mbili?

#18 Mpima Maji

Umepatia nusu. LVFO iliundwa kwa mkataba wa 1994 kati ya Kenya, Uganda na Tanzania, makao yake Jinja. Mwaka 2016 mkataba ulirekebishwa ili nchi zote za Jumuiya ya Afrika Mashariki ziingie na maji yao yote yahusike. Kwa hiyo kwenye karatasi, ndiyo, Tanganyika imo. Sasa angalia ramani: Burundi na sisi tumo kwenye Jumuiya, Kongo imeingia 2022. Zambia hayumo, yeye ni wa SADC. Huwezi kulisimamia ziwa la nchi nne kwa chombo chenye tatu. Ndio maana Bujumbura bado ina kazi.

#19 Bin Kilwa

Watu wa bara mnapenda kulia. Huku pwani kufunga tumeshazoea. Kuna vijiji Songosongo, Mafia, hata Pemba, wanafunga miamba ya pweza kwa kipindi, wanaweka alama, wanalinda wenyewe. Siku ya kufungua watu wanatoka na pweza wa kubeba begani. Mambo haya Madagaska walianza tangu 2004. Tatizo lenu mmesubiri serikali iwafungie. Mngefunga wenyewe mngelinda wenyewe.

#20 Baharia Mstaafu

Bin Kilwa, pweza ana tundu lake. Unaenda asubuhi yupo, jioni yupo, mwezi ujao yupo kanenepa. Dagaa anatembea ziwa zima. Kijiji changu kikifunga, dagaa niliowalinda mimi wanakwenda kuliwa kijiji cha tatu. Hiyo ndiyo tofauti na ndiyo inafanya tulazimike kuwabembeleza Wakongo, na wao watubembeleze sisi.

#21 Bin Kilwa

Hapo umenishika. Lakini kokoro mnalovuta ufukweni kwenye mazalia hamhitaji Mkongo kuliacha.

#22 Baharia Mstaafu

Hapo na wewe umenishika.

#23 Dagaa Mkavu

Uzi umekuwa wa mieleka. Swali dogo kutoka Dodoma: ni kweli siku hizi wauzaji wanachanganya dagaa wa Mwanza na wa Kigoma? Maana nimenunua juzi, nikachemsha, mchuzi ukawa wa ajabu.

#24 Mtoto wa Ikola

Wa Mwanza usimkosee heshima, ana kazi yake. Kuku wanampenda sana.

#25 Omena wa Mbita

Wacha matusi wewe. Omena ikikaangwa vizuri na nyanya utarudi kuomba msamaha.

#26 Mpima Maji

Ni samaki wawili wasiohusiana hata kwa ukoo. Wa Victoria ana undugu na ningu. Wa Tanganyika ni jamaa wa dagaa wa baharini. Zambia wanawaita kapenta, na ndio waliochukuliwa hapa miaka ya 1960 wakapandikizwa bwawa la Kariba, wakakubali. Kabla ya hapo, 1959, walipelekwa Ziwa Kivu, huko Rwanda wanawaita isambaza. Turudi kwenye mada.

#27 Mtafiti wa Kando

Nimesoma kurasa zote na naona mnagombana kuhusu nani amekula samaki, kana kwamba idadi ya samaki ni ileile siku zote. Hebu tuangalie ziwa lenyewe.

Tanganyika ina kina cha mita 1,470 pale penye kina kirefu kabisa. Lakini hewa ya oksijeni ipo juu tu, mita mia moja kwa upande wa kaskazini, karibu mia mbili kusini. Chini ya hapo hakuna samaki anayeweza kuishi. Rutuba nyingi imelala chini, kwenye giza. Kila mwaka upepo wa kusi, Mei mpaka Agosti au Septemba, unasukuma maji ya juu kwenda kaskazini, na kusini maji ya chini yanapanda na rutuba yake. Rutuba ikipanda, mimea midogo ya majini inaota, vijidudu vinaila, dagaa wanavila vijidudu, migebuka inawala dagaa.

Sasa maji ya juu yamekuwa yakipata joto. Maji ya joto ni mepesi, yanakaa juu kama mafuta juu ya mchuzi, na upepo uleule unashindwa kuyachanganya kama zamani. Mwaka 2003 ulitoka utafiti uliokadiria kwamba uzalishaji wa chakula ziwani umepungua kama asilimia 20, na kwamba hiyo inaweza kuwa imepunguza mavuno ya samaki kwa karibu asilimia 30. Mwaka 2016 wengine wakachimba matope ya chini ya ziwa, wakahesabu mabaki ya samaki tabaka kwa tabaka. Wakakuta samaki walianza kupungua kabla hata ya hao Wagiriki aliowataja Mtu wa Rumonge.

Kwa hiyo mnaweza kufunga miezi mitatu, nchi nne, na ziwa likaendelea kupungua.

#28 Mwana wa Kibirizi

Mtafiti, kwa hiyo mimi nimeuza betri kwa sababu ya jua?

#29 Mtafiti wa Kando

Sijasema kufunga hakufai. Mtu ambaye mshahara wake umepunguzwa ana sababu kubwa zaidi ya kuacha ulevi, si ndogo.

#30 Baharia Mstaafu

Mfano mzuri, ila mimi nina swali kwa hiyo hoja ya kusi. Kama kusi ndio msimu wa chakula kupanda, mbona tumefunga msimu huohuo? Wengine watasema vizuri, tuwaache wale wanenepe. Mwingine atasema tumefunga miezi ambayo kaskazini ziwa lina mawimbi na watu wengi wasingeingia sana hata hivyo. Na dagaa wetu anataga mwaka mzima, ana vipindi tu vya kutaga zaidi. Nilivyojifunza mimi kwa macho, makinda yanajaa ufukweni zaidi mvua zikianza. Nani alichagua Mei?

#31 Mtu wa Rumonge

Nadhani walichagua mwezi ambao wote wanne waliweza kukubaliana. Zambia peke yake wana mazoea yao ya kufunga Desemba mpaka Februari kwenye maji yao mengi. Ukikutanisha nchi nne, tarehe inayotoka si ya samaki, ni ya kikao.

#32 Mama Chanja

Mmeongea wavuvi na wasomi, sasa mniache na mimi niongee, maana huwa mnatusahau. Mimi nakausha. Nina chanja nane za kukaushia dagaa, zilikuwa kumi na mbili, nne zimemezwa na maji tangu ziwa lilipoanza kupanda miaka ile ya 2020 na 2021. Mvuvi akikaa bure miezi mitatu anaonekana, anaitwa kwenye mkutano. Mimi hakuna aliyeniita. Mkutano mmoja niliokwenda kwa miguu yangu tuliambiwa wanawake wa dagaa watakopeshwa mtaji wa kufanya biashara nyingine. Jina langu liliandikwa. Bado limeandikwa.

Juni nikauza mihogo. Julai nikauza mkaa. Chanja zilikauka mpaka mbuzi wakawa wanalala juu yake.

Sasa kuhusu samaki. Tarehe 16 asubuhi nilipokea beseni moja, moja tu, tuligawana watu watatu. Nikawamwaga juu ya wavu niwatandaze. Mwaka jana kipindi kama hiki nilikuwa nachagua makinda, wale weupe wanaopita kwenye tundu la wavu wa chanja wakaanguka mchangani. Safari hii hakuna aliyeanguka. Nikamlaza mmoja juu ya kidole changu cha kati, amevuka kidole, kichwa kiko kwenye kiganja. Walikuwa wachache, ni kweli. Lakini walikuwa wakubwa.

#33 Mpima Maji

Mama, hicho ulichoandika kina thamani kuliko kurasa tatu zilizopita. Uliwapima wangapi?

#34 Mama Chanja

Mwanangu, nilikuwa na deni la vikoba mkononi. Nilimpima mmoja.

#35 Kijana wa Vizimba

Naona hakuna anayetaja suluhisho la kweli. Tuache kumtegemea Mungu kwa samaki wa porini, tufuge. Mwanza mwezi Januari vizimba viligawiwa kwa mikopo, watu wanafuga sato. Weka vizimba Kigoma nzima, funga ziwa hata mwaka.

#36 Omena wa Mbita

Kijana, mimi nina vizimba viwili. Nakuambia polepole: 2022 mwishoni, upande wetu, maji yasiyo na oksijeni yalipanda kutoka chini, samaki wa vizimbani wakafa kwa matani. Samaki wa porini anakimbia. Wa kizimbani anakimbilia wapi? Niliamka asubuhi nikadhani mtu amemwaga magunia ya unga juu ya maji. Ilikuwa matumbo meupe. Mkopo bado nalipa.

#37 Mtafiti wa Kando

Na kwa Tanganyika kuna jingine. Sato anayefugwa Mwanza si wa mbegu ya ziwa hili. Tanganyika lina perege wake mwenyewe, na lina mamia ya aina za samaki wasiopatikana popote duniani. Kizimba kikichanika sato wakatoka, hakuna wa kuwarudisha. Victoria walipandikiza sangara miaka ya 1950 na 1960, na miaka ya 1980 furu, wale samaki wadogo wa asili, wakawa wanatoweka aina kwa aina. Hili pia haliwezi kuamuliwa na nchi moja, maana sato aliyetoroka Kigoma hatabaki Kigoma.

#38 Kijana wa Vizimba

Sangara huyohuyo ndiye aliyejenga viwanda Mwanza na nyumba za watu. Mnamlaani na bondo lake, ule mfuko wa hewa wa tumboni, mnauza.

#39 Omena wa Mbita

Hapo hajakosea. Bondo kwa kilo linashinda nyama yote ya huyo samaki. Na ni hilohilo bondo linafanya mtu avue sangara wakubwa wazazi, wakati tulikubaliana nchi tatu sangara ni sentimita 50 mpaka 85, mdogo umuache na mzazi umuache. Kila nchi ilisimamia kivyake. Uganda waliingiza jeshi 2017. Tanzania mkaja na Operesheni Sangara 2018, mkachoma nyavu mpaka moshi tukauona Mbita (natania). Sisi tukabaki na BMU, wale wazee wa ufukweni, na kijitabu cha risiti. Sheria moja, mikono mitatu.

#40 Mzalendo Halisi

Na kati ya hiyo mikono ni upi ulifanya kazi? Jeshi. Semeni ukweli.

#41 Omena wa Mbita

Sangara walionekana kuongezeka upande wa Uganda, watu wengi wamesema hivyo. Na kuna watu walipigwa na kuchomewa mitumbwi ambayo ilikuwa halali. Yote mawili. Usichague moja.

#42 Mwana wa Kibirizi (28 Agosti)

Wakuu, mleta uzi nimerudi. Nilikaa kimya nikatii ushauri wa Baharia Mstaafu, nikasubiri mwezi upungue. Tumeingia juzi na jana. Siku hizi mwezi unachomoza usiku wa manane kwenda mbele, kwa hiyo tunapata giza zuri tangu jioni. Juzi beseni kumi na moja. Jana kumi na nne, na tungeweza zaidi ila wavu ulichanika. Na ni kweli alivyosema Mama Chanja, dagaa ni wakubwa. Mabaharia wameanza tena kuniita tajiri, wiki iliyopita walikuwa wananiita kwa jina.

Mnisamehe kwa lile la taa. Ila taa niliziona.

#43 Baharia Mstaafu

Nilisema.

#44 Mzalendo Halisi

Kwa hiyo kufunga kumefanya kazi. Kesi imekwisha.

#45 Mtafiti wa Kando

Haijakwisha. Kumi na nne imeletwa na nini? Giza la mwezi? Miezi mitatu ya kupumzika? Kusi lililovuma mwaka huu? Au boti chache, kwa kuwa wenzake wengi waliuza betri na injini na hawajarudi majini? Vyote vimetokea kwa wakati mmoja.

#46 Mpima Maji

Tungeweza kujua kama samaki wangehesabiwa Mei kabla ya kufunga na Agosti kabla ya kufungua, kwa chombo cha kupima kwa sauti, pande zote nne, kwa njia moja. Miaka ya 1990 kulikuwa na mradi mkubwa wa FAO na Wafini, ulizunguka ziwa zima na meli ya utafiti ikipima hivyo, nchi zote nne zikiwa na watu wao ndani. Utaalamu upo, TAFIRI, taasisi yetu ya utafiti wa uvuvi, wana kituo Kigoma. Kinachokosekana kila mwaka ni mafuta ya hiyo meli. Miaka mitatu ijayo tutakuwa hapahapa, huyu anasema beseni tatu, yule kumi na nne.

#47 Mtoto wa Ikola

Mimi hofu yangu ni nyingine. Tumefungua, na siku moja tu boti zote za nchi nne zimeingia kwa pasi moja, kila mtu anafidia miezi mitatu. Mnaona nyavu mpya zilivyouzwa wiki hii? Hakuna aliyepunguza idadi ya vipe. Tumepumzisha samaki, halafu tumewarudia na nguvu mpya.

#48 Nyota ya Kalemie

Hata huku iko vile. Kila mutu amenunua taa za sola mpya. Ziwa usiku inafanana na muji.

#49 Mtu wa Rumonge

Na mwakani? Tutafunga tena?

#50 Mwana wa Kibirizi

Nikifunga, naomba Mama Chanja aitwe kwenye mkutano kabla yangu. Na tarehe ya kufungua waitafutie giza.

#51 Dagaa Mkavu

Nimekaa siti ya mbele tangu ukurasa wa kwanza, nimeambulia njaa. Mama Chanja, unatuma Dodoma? Ila wale wa kuvuka kidole, si wa kuku.

#52 Omena wa Mbita

Nimekusikia.

#53 Mama Chanja

Natuma. Wa juzi wamekauka leo, wa jana bado nawageuza. Njoo pembeni tuelewane kilo ngapi, hapa kuna wajukuu wanasoma bei.

#54 Mwana wa Kibirizi (30 Agosti)

Leo mwezi unachomoza karibu saa kumi na moja alfajiri. Wavu umeshonwa, yule baharia wa Kasulu amepatikana. Tunaingia saa moja. Atakayeona taa toka kilimani leo, ni mimi.